Gramu 30 za Sufuria Gani?

Katika mazoezi yetu ya tafsiri kuna msemo unaorudiwa mpaka umekuwa kama sheria: mfasiri ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Maana yake ni kwamba kazi yetu ni kuvusha maneno kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Yakifika yakaleta hasara, alaumiwe aliyeyatuma. Napinga msemo huo. Sisemi kwamba haufai popote. Katika barua au hotuba unaweza kuwa na nafasi yake. Lakini katika maandishi ya kazi, yale yanayomwambia mtu achukue kitu hiki, aweke kiasi hiki, achemshe muda huu, mjumbe anayevusha namba na kukiacha chombo chake ng'ambo hajafikisha ujumbe. Amefikisha nusu yake, na nusu ya kipimo ni hatari kuliko kukosa kipimo kabisa, kwa sababu asiye na kipimo huonja na kuuliza, lakini aliyepewa namba huiamini.

Mfano wangu ni pombe, na ndani ya pombe ni jambo dogo sana: uchungu wa hopsi mtu anapoacha kuchemsha nusu na kuanza kuchemsha yote. Nimeuchagua kwa makusudi. Jambo kubwa huficha makosa ya mfasiri katika wingi wa maneno. Jambo dogo lenye namba humweka wazi. Najua wapo watakaosema kwamba mfano wa pombe hauendani na Kiswahili cha Rumonge, mji wenye Waislamu wengi ambao ndio walioitunza lugha hii kwenye ufuo wetu wa Tanganyika. Nawaheshimu, na mimi mwenyewe sinywi. Hoja yangu ni kipimo, si kinywaji, na mbele nitaonyesha kwamba hoja hiyohiyo inamhusu mtoto mgonjwa kabla ya kumhusu mnywaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Kaka mmoja wa mtaani kwetu Rumonge aliletewa na ndugu yake aliyeko Ubelgiji furushi la kutengenezea bia nyumbani. Ndani mlikuwa na kimea kilichokamuliwa na kukazwa mpaka kikawa kizito kama asali, pakiti ya chachu, na mfuko wa hopsi wa gramu 30. Mlikuwa pia na karatasi ya maelezo kwa Kifaransa. Yeye anasoma Kiswahili kwa raha kuliko Kifaransa, akatuomba mimi na mwanafunzi mwenzangu tumfasirie. Karatasi ilisema kwa ufupi: weka maji katika sufuria kubwa, koroga kimea, kikichemka tia hopsi, chemsha dakika 60, kisha jaziliza maji baridi hadi zifike lita 20.

Mwenzangu alifasiri haraka na kwa ufasaha. Sikuona kosa la sarufi. Alipofika kwenye chombo aliandika "sufuria kubwa", na kamusi yoyote ingemuunga mkono. Nikamuuliza: kubwa kwa nani? Katika jiko la nyumba ya Ubelgiji, sufuria kubwa ni ile ya lita 10 au 12, kwa sababu ndiyo inayokaa juu ya jiko la gesi. Ndiyo maana karatasi ikaagiza kujaziliza maji mwishoni: nusu inachemshwa, nusu inaongezwa ikiwa baridi. Kwetu Rumonge sufuria kubwa ni ile ya harusi, ya lita 50, inayokaa juu ya mafiga uani. Huyu kaka alikuwa nayo, na alikuwa ameshasema kwamba atajaza lita zote mara moja ili asihangaike. Kwa hiyo neno lilikuwa sahihi na maana ilikuwa imepotea. Mwenzangu akanijibu: "Ndugu, sisi si wapishi. Kilichoandikwa ndicho tunachofasiri." Hilo ndilo jibu ninaloandika kulipinga.

Tuanze na kinachotokea ndani ya sufuria, maana bila hicho ubishi wetu ni wa maneno matupu.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa juu ya kamba na nguzo. Hustawi katika nchi zenye siku ndefu wakati wa joto, ambako mwanga hufika saa 15 au 16 kwa siku: Bavaria, Bohemia, bonde la Yakima kule Marekani. Rumonge iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na siku zetu zina saa 12 na kidogo mwaka mzima. Ndiyo maana hatuna hopsi shambani, na hata bia ya kiwandani inayonywewa Burundi hutumia hopsi iliyosafirishwa kutoka mbali. Ndani ya maua hayo mna utomvu wenye asidi zinazoitwa asidi za alfa. Zikiwa mbichi haziyeyuki vizuri wala hazina uchungu wa maana. Zikichemshwa hubadili umbo, na umbo hilo jipya ndilo linaloyeyuka na kuleta uchungu. Mabadiliko hayo ni ya polepole. Hata baada ya saa nzima, sehemu kubwa ya asidi haifiki kwenye bia: nyingine haijageuka, nyingine imenasa kwenye mabonge ya protini yanayoganda wakati wa kuchemsha, nyingine huondoka na chachu.

Uchungu huo una kipimo chake. Miligramu moja ya asidi iliyogeuka, ndani ya lita moja ya bia, ni takriban kipimo kimoja cha uchungu. Sasa tupige hesabu ya furushi letu. Tuseme hopsi ina asilimia 5 ya asidi za alfa, kiwango cha kawaida kwa hopsi zisizo kali. Gramu 30 zina miligramu 1,500 za asidi. Ukizigawa kwa lita 20, unapata miligramu 75 kwa kila lita. Swali ni moja: katika hizo 75, ngapi zitageuka na kubaki?

Hapa ndipo sufuria inapoingia. Kimea kilekile kikiwekwa katika lita 10, togwa huwa nzito: lita moja ina uzito wa gramu 1,100 hivi. Kikiwekwa katika lita 20, lita moja ina uzito wa gramu 1,050. Mmarekani Glenn Tinseth alitoa katika miaka ya 1990 kanuni ya hesabu ambayo watengenezaji wa bia ya nyumbani wanaitumia mpaka leo. Kwa kanuni hiyo, dakika 60 katika togwa nyepesi hutoa asilimia 23 ya asidi, na katika togwa nzito hutoa asilimia 15 tu. Maana yake kwa furushi letu: anayechemsha nusu kisha akajaziliza maji atapata bia yenye uchungu wa 11 hivi, anayechemsha yote, kwa hopsi zilezile, atapata 17. Ni zaidi ya mara moja na nusu. Ili arudi kwenye 11 anapaswa kutia gramu 19, si 30.

Basi mjumbe wetu, kwa kuandika "gramu 30" na "sufuria kubwa", angemfanya huyu kaka atengeneze bia tofauti kabisa na ile iliyoahidiwa kwenye karatasi. Na asingejua siku hiyohiyo. Bia hungoja wiki mbili au tatu ichache na kutulia. Wakati ulimi unagundua, kimea kimeisha, kuni zimeungua, na furushi la pili halipatikani dukani Rumonge wala Bujumbura. Wanaosema "ataonja, atarekebisha" wanasahau kwamba ulimi hufika wa mwisho.

Mpinzani mwerevu atanirudi hapa. Atasema: hata kanuni hiyo unayoitegemea ina ubishi. Ni kweli, na sitaki kuficha. Wapo waliopima na kusema kwamba utamu wa togwa wenyewe haupunguzi kasi ya asidi kugeuka. Kinachopunguza uchungu ni yale mabonge yanayoganda, ambayo katika togwa nzito ni mengi, yakazama na asidi. Wengine husisitiza ukomo: togwa ikishakuwa na vipimo 100 hivi vya uchungu, haipokei zaidi kwa urahisi, hivyo anayechemsha nusu kisha akaongeza maji sawasawa hawezi kuvuka 50 hata akimimina gunia. Kwa bia nyepesi kama yetu ukomo huo haugusi, na kwa hiyo wapo wanaosema tofauti ya kweli ni ndogo kuliko kanuni inavyodai. Haya yote nayakubali. Lakini angalieni yanathibitisha nini. Pande zote mbili za ubishi zinakubaliana kwamba huwezi kusema chochote juu ya gramu mpaka useme sufuria ilikuwa na nini na kiasi gani. Wanabishana juu ya sababu na ukubwa wa tofauti. Hakuna anayesema kwamba gramu 30 zinajitosheleza.

Na bado hatujafika Rumonge. Tumechemsha Ubelgiji.

Uso wa ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya bahari. Maji kwetu hayachemki kwa nyuzijoto 100. Huchemka karibu na 97. Nyuzi 3 zinaonekana si kitu, lakini asidi za hopsi ni wepesi wa kuhisi joto: kwa upungufu huo, kasi ya kugeuka hushuka kwa takriban sehemu moja katika tano. Panda milima iliyo nyuma yetu mpaka mita 2,000 na zaidi, maji huchemka kwa nyuzi 93, na kasi hushuka zaidi ya hapo. Kwa hiyo namba moja, dakika 60, ina maana moja Antwerp, maana nyingine Rumonge, na ya tatu kule juu kwenye mashamba ya chai. Saa ni ileile. Kazi inayofanyika ndani ya saa hiyo ni tofauti.

Kisha kuna kupoa. Anayechemsha nusu humaliza kwa kumwaga lita 10 za maji baridi, na togwa hushuka joto papo hapo. Anayechemsha yote hana maji ya kuongeza. Lita zake 20 zinabaki na moto wake, na asidi huendelea kugeuka kwa kiasi fulani mpaka joto lishuke chini ya nyuzi 80 hivi. Kwa mtu wa Ulaya wakati wa baridi, sufuria ikiwekwa nje kwenye theluji, hilo si tatizo. Kwetu maji ya ziwa yenyewe yana nyuzi 25 au zaidi, na hewa ya mchana imezidi hapo. Sufuria ya lita 20 iliyofunikwa uani inaweza kukaa na joto muda mrefu, na kila dakika ya mwanzo inaongeza uchungu ambao karatasi haikuuhesabu. Hopsi zinazotiwa mwishoni kwa ajili ya harufu ndizo zinazoathirika zaidi, kwa sababu nazo hugeuka kuwa za uchungu.

Tena kuna kuni, jambo ambalo karatasi ya jiko la gesi haiwezi hata kulifikiria. Kupasha lita 20 kutoka joto la ziwa mpaka kuchemka kunataka moto mara mbili ya lita 10. Hilo kila mama anayechemsha chikichi anazoea kulijua. Kisichojulikana sana ni mvuke: lita moja inayopotea hewani hula joto la kutosha kupasha lita 7 kutoka ubaridi mpaka mchemko. Ukichemsha saa nzima kwa fujo, mvuke unaweza kula kuni nyingi kuliko kule kupasha. Anayepita msitu wa Kigwena, njia ya kwenda Nyanza-Lac, anaona jinsi msitu wa tambarare ya ziwa ulivyobaki kipande. Kumwambia mtu wa hapa "chemsha yote" bila kumwambia gharama yake, wala kumwambia kwamba kuchemsha nusu kunaweza kumtosha, ni kumfasiria jiko la mtu mwingine.

Tulimwandikia nini basi? Tulifasiri karatasi yote kama ilivyo, kwa sababu maneno ya mwandishi ni yake na sina haki ya kuyabadili kimyakimya. Lakini nilishikilia tuongeze maelezo ya mfasiri chini, yakiwa yametengwa waziwazi: kwamba sufuria ya mwandishi ni ya lita 10 hivi, kwamba akichemsha lita zote 20, aanze na gramu 24 na aweke akiba gramu 6, kwamba apoze upesi kwa kuiweka sufuria ndani ya beseni la maji yanayobadilishwa, na kwamba aandike alichofanya. Kwa nini 24, si 19? Kanuni inavuta kuelekea chini, wenye kuishuku wanavuta kuelekea juu, mwinuko wetu unapunguza uchungu, kupoa polepole kunauongeza. Gramu 24 ziko katikati ya mivutano hiyo. Na kwa nini aanze chini ya 30? Kwa sababu uchungu ukipungua unaweza kuongezwa, kwa kuchemsha akiba ile katika togwa kidogo au maji na kumimina ndani. Ukizidi hauondoki. Mfasiri asiyejua kwamba kosa moja lina dawa na jingine halina, hawezi kujua ni neno gani katika karatasi linalohitaji uangalifu.

Huyu kaka alifuata gramu 24. Bia yake sikuionja, kwa hiyo sitoi ushahidi wa ladha. Ninachoweza kushuhudia ni daftari. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika: sufuria ya harusi, lita 23 mwanzo, lita 20 mwisho, hopsi 24, kuni mzigo mmoja na nusu. Ukurasa huo ni maandishi ya Kiswahili ya kazi yaliyo bora kuliko tafsiri nyingi nilizosoma, kwa sababu mtu wa pili anaweza kuuchukua na kufanya kazi.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubeba mambo haya, na kwamba tungeacha Kifaransa kifanye kazi yake. Katika insha hii nimetumia kimea, togwa, chachu na mchemko, na sikuazima hata kimoja. Mtu aliyeota nafaka na kuianika anajua kimea. Mtu aliyekunywa kinywaji kitamu kabla hakijachacha anajua togwa. Neno la kigeni nililolihitaji kweli ni hopsi, na limekuja kwa sababu mmea wenyewe haumo kwetu. Tazameni pia jirani wa karibu zaidi. Kirundi kinaita urwarwa pombe ya ndizi iliyoongezwa maji, na isongo ile ya maji ya ndizi tupu. Ni ndizi zilezile zilizovundikwa, zikakamuliwa kwa nyasi na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Maji yakiingia, jina linabadilika. Mabibi waliotoa majina hayo walikuwa wameshajua kile ambacho mjumbe wetu anakataa kukijua: kwamba kinachoongezwa mwishoni ni sehemu ya kipimo cha mwanzo. Na Waswahili wenyewe walimsema mgema anayetia tembo maji kwa sababu walijua maji si kitu kisicho na hesabu.

Sasa nirudi kwa wale ambao mfano wa pombe umewakera. Ufuo wetu unakijua kipindupindu; hurudi na kurudi katika vijiji vya ziwani. Dawa ya kwanza ya mtoto anayeharisha ni pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, inayoyeyushwa katika lita moja ya maji safi. Asiye na pakiti hufundishwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, katika lita moja hiyohiyo. Fasiri vijiko na uache lita, au andika "chupa" badala ya lita, halafu uende kwenye nyumba ya Rumonge uone chupa gani iko pale. Chupa ya Primus ina sentilita 72. Pakiti ya lita moja ikiyeyushwa humo, dawa inazidi ukali kwa karibu asilimia 40, na chumvi iliyozidi kwa mtoto aliyekauka si jambo la ladha. Neno "chupa" lingekuwa sahihi katika kamusi. Nani atasema hapo kwamba mjumbe hauawi? Yeye hauawi, ndiyo. Anayekunywa ndiye aliye hatarini.

Nasikia jibu la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote, na nimelisikia kwa walimu wetu ninaowaheshimu: ukimruhusu mfasiri kuongeza, ataongeza mpaka matini ya mwandishi ipotee. Leo ameongeza maelezo ya sufuria, kesho ataongeza mawazo yake. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini dawa yake ni mpaka, si kufumba macho. Mpaka ninaoupendekeza ni huu: maneno ya mwandishi yabaki ya mwandishi, maelezo ya mfasiri yakae mahali pake, yakiwa na alama yake, na yasiguse maoni, yaguse tu masharti ambayo bila hayo namba haifanyi kazi. Masharti hayo ni machache na yanaweza kuorodheshwa. Chombo kina ujazo gani? Moto ni wa aina gani? Maji yanachemka kwa joto gani mahali hapa? Kitu gani kinaongezwa baadaye? Kosa la kuzidisha linarekebishika au halirekebishiki? Mfasiri anayejibu maswali hayo matano hajaingiza nafsi yake katika matini. Ameingiza sufuria tu.

Kwa hiyo natoa shauri kwa wenzangu na kwa walimu. Katika zoezi lolote la kufasiri maelezo ya kazi, iwe ni ya dawa, mbolea, sabuni, mawese au bia, alama zisitolewe kwa ufasaha peke yake. Mwanafunzi aulizwe kwa kila namba: ya chombo gani? Akishindwa kujibu, tafsiri ihesabiwe kuwa haijakamilika hata kama ngeli zote zimekaa sawa na kila kitenzi kimenyambuliwa vizuri. Na inapowezekana mwanafunzi aende kwa mtu anayeifanya kazi hiyo, akamuulize anatumia nini. Huko Rumonge safari hiyo si ndefu: anayechemsha chikichi yuko nyuma ya nyumba, anayeanika ndagala yuko ufukweni, na wote wanaongea Kiswahili.

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu hapo tumeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili kitatufungulia biashara. Biashara inakuja na karatasi za maelezo. Viuatilifu vinakuja na karatasi, mashine za kukamua mafuta zinakuja na karatasi, na karatasi hizo zitafasiriwa na sisi tuliomo katika madarasa haya. Tukizifasiri kama wajumbe, mkulima na mvuvi watazisoma mara moja, watapata hasara, na watahitimisha kwamba maarifa ya kweli yamebaki katika Kifaransa na Kiingereza. Watakuwa wamekosea, lakini sisi ndio tutakuwa tumewafundisha hivyo. Lugha haidharauliwi kwa kukosa msamiati tu. Hudharauliwa pia pale mtu anapoifuata hatua kwa hatua, gramu kwa gramu, na kitu kikatoka kichungu.